Sebule yetu imekuwa karakana ya vifaa vya kuzamia, na sasa mume wangu anaunda kompresa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanga hapa Kigoma. Mume wangu ni fundi friji, ana kibanda chake karibu na soko. Miaka minne iliyopita mtafiti mmoja wa samaki aliyekuwa anarudi kwao alimuuzia vifaa vyake vya kuzamia: mitungi miwili ya hewa, regulata tatu (kile kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi mdomoni), miwani, mapezi na lile koti la kuelea. Walikuwa wameshazoeana kwa sababu mume wangu ndiye aliyekuwa akimtengenezea friji zake. Baadaye mume wangu akaenda Unguja, akasoma kozi, akapewa kadi. Tangu hapo kila Jumapili yeye na wenzake wawili, mmoja mwalimu na mwingine yuko bandarini, wanakwenda upande wa Katonga kuzamia. Hawavui wala hawauzi kitu. Wanaangalia samaki kwenye mawe, wanarudi.

Shangazi, kinachoniua ni meza. Ilianza na stuli moja pembeni ya mlango wa uani. Sasa ni ubao wa futi nane uliokula nusu ya sebule. Kuna jiliwa limekazwa kwa bolti, spana za kila namna, makopo ya maziwa ya unga yamejaa oringi, vile vipete vya mpira vya kuzuia hewa isivuje, regulata zimefumuliwa juu ya gazeti, mipira inaning'inia kwenye misumari kama utumbo buchani. Siki yangu ya kachumbari ndiyo anayolowekea vyuma vyake. Miswaki ya watoto inapotea, naikuta mezani imegeuka rangi. Wiki iliyopita nilikuwa nachagua mchele, nikakuta kwenye ungo kioringi cheusi, kidogo kuliko punje ya dengu. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka miwili na kila kitu anapeleka mdomoni. Mitungi yenyewe inasimama nyuma ya kochi.

Nimesema, nimenuna, nimemwita kaka yake. Anapanga vitu siku mbili, ya tatu vurugu ni ileile. Wifi yangu ananiambia namnyima mume wangu furaha yake. Na siwezi kukataa kwamba furaha ipo. Baba mkwe alipofariki, mume wangu alikuwa kama taa iliyozimika mwaka mzima. Kuzamia ndiko kulikomrudisha. Jumapili jioni ni mtu mwingine kabisa, anaongea na watoto, anacheka.

Mwezi uliopita regulata ya mwalimu ilianza kumwaga hewa yenyewe wakiwa chini, ikabidi wapande haraka. Usiku huohuo mume wangu aliifungua, akabadilisha kitu, akasema imepona. Na sasa, kwa kuwa kujaza mitungi kunawasumbua, anaunda kompresa yake mwenyewe kwa mota mbili za friji, iwe inakaa mtumbwini na kusukuma hewa kwa mpira mrefu hadi kwa mzamiaji. Kijana wetu wa miaka 14 ameahidiwa kuwa ndiye atakayeijaribu likizo ya Desemba.

Nifanyeje, Shangazi? Nivitupe vyote? Au ninyamaze niwe mke mwema?

Mama wa Watatu, Mwanga

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Meza umeieleza kwa kirefu, hadi miswaki na siki. Kompresa umeiweka mwishoni kwa mistari michache. Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31 na barua za namna hii nazijua kwa sura: mgonjwa anaeleza mafua na kuumwa mgongo, anapewa dawa, anaaga, halafu akiwa ameshashika kitasa anageuka na kusema, "Na kifua kinanibana, nesi." Ndicho kilichomleta. Kwa hiyo nitaanza na kompresa, meza itafuata.

Kompresa hiyo isiingie ziwani. Mtoto asiwekewe mpira wake mdomoni, na mume wako pia asiuweke. Hapa sikupi ushauri wa kupima faida na hasara. Nakuomba.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Kaka yangu anayenifuata alikuwa akizamia samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaosafirishwa kwenda kufugwa kwenye matangi ya kioo. Ziwa letu lina aina zaidi ya 200 za samaki hao, sikilidi, karibu zote hazipatikani popote pengine duniani, na watu wa mbali wanalipia. Bosi wake alimpa kompresa ya kujazia upepo matairi, ikiendeshwa na injini ya petroli, imekaa katikati ya mtumbwi. Bomba la moshi liliangalia nyuma, mdomo wa kuvuta hewa uliangalia mbele. Mtumbwi ulifungwa kamba kwenye mawe huku na huku usicheze. Asubuhi upepo wa nchi kavu ulipeleka moshi kwenye maji, hakuna shida. Jua lilipopanda upepo ukageuka, moshi ukarudi mbele, na aliyekuwa anashika mpira juu hakuangalia. Kaka yangu baadaye alisema alionja kitu kama moshi mdomoni, akadhani ni kawaida ya mashine. Alipotoka majini alikaa kwenye mchanga, akasema kichwa kinapasuka, akatapika, akaanza kutabasamu bila sababu. Mimi ndiye niliyemvalisha barakoa ya oksijeni. Alilala wodini siku tatu. Yuko hai, nashukuru Mungu, lakini mpaka leo anapoteza jina la mtu katikati ya mazungumzo, hata jina langu.

Ni hewa ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa ndani wakati wa baridi: kaboni monoksaidi. Yenyewe haina harufu wala rangi. Inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo kidogo tu kinatosha kuifukuza oksijeni kwenye nafasi yake. Na chini ya maji mambo huzidi. Mtu akiwa mita 10, presha ni karibu mara mbili ya ile ya juu, kwa hiyo kila pumzi inabeba karibu mara mbili ya sumu hiyo.

Najua mume wako atakujibu nini. Atasema mota za friji ni za umeme, hazina moshi. Muulize umeme huo utatoka wapi katikati ya ziwa. Utatoka kwenye jenereta, na jenereta itakaa palepale mtumbwini, futi chache kutoka kwenye mdomo wa kuvuta hewa. Tumerudi kwa kaka yangu.

Hata tukiweka moshi kando, mota ya friji imeundwa kuzungusha gesi ndani ya mfumo uliofungwa. Mafuta ya kulainisha yanatoka na gesi, yanazunguka, yanarudi. Ukiifungua ikavuta hewa ya nje, mafuta hayana njia ya kurudi. Yanatoka kama ukungu mwembamba moja kwa moja kwenye mpira na kuingia kwenye mapafu, na mapafu hayana namna ya kuyayeyusha. Mume wako anajua hili kuliko mimi. Akae na kitambaa cheupe mbele ya tundu la kutolea hewa, mashine iungurume dakika kumi, kisha akifunue juani akiangalie. Mafuta yakipungua mota inapata joto, na joto likizidi ile rangi ya nyaya za ndani inaanza kuungua, harufu yake anaijua kila fundi. Harufu hiyo ndiyo atakayoivuta mwenye mpira mdomoni.

Halafu kuna kiasi cha hewa. Mzamiaji anayeogelea taratibu anatumia kama lita 15 hadi 20 kwa dakika akiwa juu. Akishuka mita 10 mashine inatakiwa kutoa karibu mara mbili ya hiyo, na akishtuka au akihangaika inaongezeka tena. Mota ya friji ya nyumbani ina silinda ndogo mno. Mbili kwa pamoja zinaweza kumtosheleza mtu aliyetulia kwenye maji mafupi, ndiyo maana atakapoijaribu kwenye ndoo uani itaonekana inafanya kazi vizuri, na hapo ndipo atakapoiamini. Mtoto wa miaka 14 hatulii. Hewa ikikatika atakurupuka kwenda juu akiwa amebana pumzi, kwa sababu ndivyo mwili unavyomwambia. Hewa iliyoko kifuani inapanuka kadiri anavyopanda. Kutoka mita 10 hadi juu inakuwa karibu mara mbili. Mapafu yanaweza kupasuka hata kwa kupanda kutoka kwenye maji yanayomfika mtu mzima kichwani, kama mita moja na nusu tu, pumzi ikiwa imebanwa.

Umri wenyewe si kikwazo. Mashirika makubwa ya mafunzo yanapokea watoto kuanzia miaka 10 kwa masharti. Kijana wako akipenda, na afundishwe na mwalimu mwenye cheti, kwa mtungi wa kweli. Baba yake anaweza kumwekea akiba taratibu, na ahadi ya Desemba ikageuka kuwa ahadi bora kuliko ile.

Sasa meza.

Usitupe kitu. Hilo wifi yako amesema kweli, hata kama kasema kwa ukali. Mume amezimika mwaka mzima, akapata kitu kilichomwasha, halafu akute kimetupwa jalalani na mkewe! Jeraha hilo halitapona kwa kuomba radhi. Tena naomba usimwone kama mtu anayepoteza wakati. Kifaa hiki chenyewe kimezaliwa kwenye meza kama hiyo. Ufaransa mwaka 1943, katikati ya vita, petroli ilikuwa adimu na magari yanaendeshwa kwa gesi. Mhandisi Émile Gagnan alikuwa na vali ya kupimia gesi ya gari. Mwanamaji Jacques-Yves Cousteau alitaka kifaa cha kumpa mzamiaji hewa pale tu anapovuta pumzi. Wakaigeuza ile vali. Walipoijaribu katika mto Marne ilifanya kazi mzamiaji akiwa amelala, lakini akisimama wima hewa inamwagika. Wakarudi mezani, wakagundua tatizo liko kwenye mahali pa kutokea pumzi, wakapahamisha, ndipo ikakubali. Kuchokonoa ndio asili ya jambo hili. Kinachonipa amani kwenye habari ile ni kwamba kasoro waliiona karibu na ukingo wa mto, si kwenye kilindi.

Kwa hiyo simwambii mume wako aache kufungua regulata. Wapo watakaosema apeleke kila kitu kwa fundi aliyeidhinishwa na kampuni iliyotengeneza. Ni kauli sahihi, na kama kuna fedha naiunga mkono. Ila Kigoma fundi huyo sijamwona, na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Watu wataendelea kufungua vifaa vyao nyumbani. Basi wafungue kama inavyotakiwa.

Nieleze ninavyoiona meza hiyo. Vitu vilivyopo juu yake ni vya aina mbili. Kuna mapezi, kamba ya miwani, tochi, mikanda, vipande vya risasi vya uzito. Hivi akichezea na kukosea atapata usumbufu, basi. Kuna na vile ambavyo pumzi inapita ndani yake: regulata, mipira yake, vali ya mtungi. Hivi vimelala kwenye gazeti moja na vingine, na oringi za friji ziko kwenye kopo moja na oringi za regulata. Mwanangu, hapo ndipo vurugu inapokuwa hatari, na si kwa sababu sebule inaonekana vibaya.

Tulipokuwa chumba cha upasuaji tulihesabu. Kabla daktari hajamfungua mama, pamba, sindano na mikasi vinahesabiwa kwa sauti na kuandikwa ubaoni. Kabla hajamshona, vinahesabiwa tena. Hesabu isipolingana hakuna kushona, hata kama daktari ni bingwa, hata kama ni saa tisa usiku na kila mtu miguu inamuuma. Na anayehesabu si yule anayeshona. Nimewahi kuwasimamisha watu wazima walionizidi vyeo kwa ajili ya kipande kimoja cha pamba, tukakikuta kimeganda chini ya kiatu cha mtu. Hakuna aliyenuna.

Regulata inataka heshima hiyohiyo. Trei moja safi, nyeupe ikiwezekana, yenye kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Kila kipande kikitoka kinapangwa kwa mfuatano, kinapigwa picha kwa simu. Oringi na kiti cha vali, kile kipande kinachoziba tundu la hewa, vinatoka kwenye pakiti ya matengenezo ya modeli ileile, havitoki kwenye kopo la maziwa; oringi mbili zinaweza kufanana machoni huku moja ina unene tofauti kwa unywele, au ni mpira wa aina nyingine. Za zamani zinahesabiwa, mpya zinahesabiwa, idadi inaandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe. Anayehesabu awe mwalimu au yule wa bandarini. Mmoja anafunga, mwingine anasoma daftari. Siku wasipokuwepo, regulata haifungwi. Kijana wako anaweza kuwa ndiye wa kupiga picha na kuandika, na ninaamini atafundishika mengi hapo kuliko kwenye mpira wa kompresa.

Siki si vibaya, mafundi wengi wanaitumia ikiwa imechanganywa na maji kuondoa ukungu wa kijani kwenye shaba, kwa dakika chache, kisha kusuuza sana. Lakini anunue chupa yake. Grisi ndiyo inayonitia wasiwasi. Sisi wa Kigoma tuna historia nzuri ya grisi: mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi waliipaka injini grisi nzito kwanza, na ilipoibuliwa mwaka 1924 injini ilikuwa bado inafaa. Tunaijua kama Liemba. Grisi ile iliokoa chuma. Ndani ya regulata mambo ni tofauti, kwa sababu grisi ya petroli inalainisha na kuvimbisha aina fulani za mpira, mvuke wake unaingia kwenye pumzi, na palipo na oksijeni nyingi inaweza kuwaka moto. Inatakiwa silikoni ya kazi hiyo, kidogo sana, oringi ing'ae tu. Ukiona weupe umejaa ni nyingi.

Na ile regulata ya mwalimu iliyomwaga hewa. "Akabadilisha kitu, akasema imepona." Hapo nilisimama. Regulata ina hatua mbili. Ya kwanza imefungwa kwenye mtungi na inashusha presha kubwa hadi baa 9 au 10 hivi (baa ni kipimo cha presha) juu ya presha ya mahali alipo mzamiaji. Ya pili iko mdomoni. Kiti cha vali kikichakaa kwenye hatua ya kwanza, presha inapanda polepole yenyewe, mwishowe hatua ya pili inazidiwa na kumwaga hewa. Kwa hiyo kinachoonekana kuumwa ni cha mdomoni, na ugonjwa uko kwenye mtungi. Akirekebisha cha mdomoni peke yake, amepoza homa kwa panadoli na malaria bado imo damuni. Kipimo chake ni geji ya presha ya kati, yaani ile iliyo kati ya hatua hizo mbili, inachomekwa kwenye mpira, unaangalia mshale. Ukifika mahali pake ukatulia, sawa. Ukiendelea kupanda taratibu, kiti kinavuja. Muulize kwa upole kama geji hiyo anayo. Kama hana, basi pesa ya mota za friji ikanunue hiyo.

Kifaa kilichotoka mezani kinajaribiwa kwenye maji ya kifuani, miguu ikigusa mchanga, kabla ya kwenda kwenye mawe ya Katonga. Wakina Gagnan walianzia hapo, na wao ndio waliokitengeneza.

Mitungi nyuma ya kochi. Tairi la gari dogo huwa na baa 2 hivi, mtungi uliojaa una 200. Chukua kitambaa kibichi, futa vumbi kwenye mabega ya mtungi, pale chuma kinapoanza kubana kuelekea shingoni. Utaona herufi na namba zimegongwa. Tafuta mwezi na mwaka. Ile ya mwisho ndiyo tarehe ya mtungi kupimwa kwa maji na presha, na kwa utaratibu unaofuatwa sehemu nyingi kipimo hicho hurudiwa kila miaka 5, huku ndani kukikaguliwa kwa macho kila mwaka. Mtafiti ameondoka miaka minne. Nina mashaka na tarehe utakayoikuta. Ikiwa imepita, mtungi usijazwe tena hadi upimwe, na hili halitegemei ustadi wa mtu yeyote. Vilevile, mitungi ya alumini iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 kuna mingine ya aina ya chuma kinachopasuka nyufa shingoni, hiyo inastaafishwa. Mingine ilazwe au ifungwe ukutani isianguke, mbali na jua, ikiwa na hewa kidogo tu ndani ili unyevu usiingie. Na itoke sebuleni.

Kuna jambo hujaliuliza, lakini barua yako imelisema. Kadi aliipata Unguja, usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya bahari, na majedwali ya kuzamia ya kawaida, yale yanayoonyesha mtu akae chini muda gani, huhitaji marekebisho kuanzia kama mita 300. Naitrojeni ni gesi ya hewani inayoingia mwilini mtu akiwa chini, na isipotoka taratibu inafanya mapovu mwilini. Mwili unaitoa kwenye hewa nyepesi zaidi huku kwetu, kwa hiyo muda wa kukaa chini unapungua, na kupanda kunatakiwa kuwe taratibu zaidi. Kama anatumia saa ya kuzamia aipange kwa mwinuko huu. Akishatoka majini Jumapili asipande basi la kwenda Kasulu jioni hiyo wala treni ya Tabora, kote huko ni juu zaidi, na ndege asubiri saa 18 au zaidi. Chumba cha kumrudishia mtu presha hatuna hapa. Mmoja wao akitoka na ganzi, maumivu ya viungo, kizunguzungu au udhaifu wa miguu, alazwe, apewe oksijeni, akimbizwe hospitali, na mtu aseme wazi kwamba alikuwa anazamia, kwa sababu daktari hawezi kulifikiria mwenyewe.

Najua ni mengi. Usimmwagie yote kwa pamoja, na usimwanzie Jumapili jioni, hiyo mwachie. Wala usimwite kaka yake tena, mwanaume akisemeshwa juu ya mapenzi yake mbele ya ndugu anajitetea tu. Mwambie siku ya kazi, watoto wamelala: "Baba Fulani, meza nitaivumilia. Nimeshazika baba mkwe nikiwa nimekushika mkono, sitaki nirudi makaburini." Kisha mpe karatasi hii aisome mwenyewe, yeye ni fundi, atabishana na mimi badala ya kubishana na wewe. Nakubali anibishie.

Halafu kubalianeni mahali. Kama uani kuna ukuta wa kuegemeza, bati nne na mbao zinatosha kibanda chenye kufuli, na mtoto wa miaka miwili hatafika. Ukimjengea nusu na yeye nusu, hataona amefukuzwa.

Ile oringi uliyoikuta kwenye mchele, natumaini hujaitupa. Iweke kwenye kisahani cheupe, mpelekee mezani, muulize ilitoka kwenye kopo au ilitoka kwenye regulata. Akikosa jibu, Jumapili hii wasizamie hadi zote tatu zifunguliwe na kuhesabiwa.

Niandikie tena.

Shangazi